Neno na Desturi Yake: Mifano Kutoka Kijerumani cha Kila Siku

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni aghalabu huanza kwa kukariri orodha ya maneno, kila neno likiwa na kisawe chake kando. Njia hii ina manufaa yake, lakini haimfikishi mbali, maana neno la kila siku hukaa ndani ya desturi. Alichukuaye neno akaiacha desturi amebeba ganda bila kiini. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mifano michache ya Kijerumani, kwa faida ya mfasiri, mwalimu, na mtumishi wa serikali anayepokea barua kutoka Ujerumani.

Saa na Miadi

Tuanze na saa, kwani hapo kosa hudhihirika upesi. Mjerumani husema "halb neun", yaani, kwa tafsiri sisisi, "nusu tisa". Mfasiri mwenye haraka huona nusu na tisa, akafuata hesabu yetu ya saa, kisha akaandika "saa tatu na nusu asubuhi". Amekosea kwa saa nzima. Mjerumani hapa haihesabu nusu iliyozidi baada ya tisa, bali nusu ya mwendo wa kuiendea tisa. Kwa hiyo "halb neun" ya asubuhi ni saa mbili na nusu kwa Kiswahili. Katika baadhi ya sehemu za mashariki na kusini mwa Ujerumani hesabu hiyo huendelezwa hata katika robo: "viertel neun" ni saa mbili na robo, na "drei viertel neun" ni saa tatu kasorobo.

Kosa hilo si dogo. Kwa desturi ya Wajerumani, kumchelewesha mwenye miadi ni kumvunjia heshima. Mgeni aliyealikwa saa mbili na nusu akafika saa tatu na nusu hatalaumiwa mfasiri wake. Atalaumiwa yeye mwenyewe.

Heshima katika Usemi

Kijerumani kina namna mbili za kumsemesha mtu mmoja. "Du" ni ya jamaa, rafiki, mtoto, na hata Mungu katika sala. "Sie" ni ya mtu mzima usiyemzoea na ya shughuli za ofisini. Umbo lake la kisarufi ni lile la "wao", ila huandikwa kwa herufi kubwa. Kutoka "Sie" kwenda "du" kuna utaratibu wake: mkubwa kwa umri au cheo ndiye atoaye ruhusa, na mdogo hungoja. Siku hizi "du" imeenea sana miongoni mwa vijana na katika sehemu nyingi za kazi. Hata hivyo, katika barua rasmi "Sie" ingali ndiyo kanuni.

Kiswahili hutumia "wewe" kwa wote, nayo heshima tumeiweka kwingine: katika shikamoo, na katika kuitana mzee, mama, bwana, ndugu au mheshimiwa. Mfasiri wa "Sie", basi, asihangaike kutafuta kiwakilishi kipya; na atafute jina la heshima limfaalo anayeandikiwa. Kadhalika, shikamoo haina kisawe katika Kijerumani. Mfasiri ataweka salamu ya kawaida, "guten Tag", na heshima yake ataihamishia kwenye "Sie".

Kazi na Chakula

"Feierabend" limeundwa kwa maneno mawili, sherehe na jioni. Walakini Mjerumani amwambiapo mwenzake "schönen Feierabend", hamtakii sherehe yoyote. Anamtakia mapumziko mema baada ya kazi. Hata amalizaye zamu yake adhuhuri ana "Feierabend" yake. Kisawe chake ni "mapumziko ya baada ya kazi", na katika kuagana, "pumzika salama" yatosha.

Mezani, Mjerumani huwaambia wenzake "guten Appetit". Mwanafunzi wetu huelekea kusema kwamba hiyo ndiyo "karibu" yetu. Sivyo. Mswahili anayekula akimwambia apitaye "karibu", amemwalika. Mjerumani amewatakia walaji mlo mwema tu. Aliyetafsiri kwa "karibu" amempa mgeni kiti asichopewa.

Kuunda Istilahi

Pengine desturi yenyewe haipo kwetu. Mtoto wa Kijerumani aanzapo darasa la kwanza hupewa "Schultüte", karatasi ngumu iliyokunjwa kwa umbo la pia, ikajazwa peremende, penseli na zawadi nyingine. Desturi hii ilianzia Saxony na Thuringia katika karne ya 19. Tukisema "mfuko wa shule", msomaji ataona mkoba wa vitabu. Tukisema "pia" peke yake, atafikiri mchezo wa watoto. Mwandishi wa makala haya anapendekeza "pia ya zawadi", pamoja na maelezo mafupi neno litajwapo mara ya kwanza.

Hitimisho

Historia yetu yatoa ushahidi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Wajerumani katika Afrika Mashariki iliigawa rupia katika Heller 100. Sarafu ilitoweka, neno likabaki: "hela" sasa ni fedha yoyote, ilhali huko Ujerumani Heller si fedha tena, imesalia katika misemo. Hakuna mfasiri ambaye angeandika "Heller" kwa maneno "sina hela", japo asili ni moja. Lililomwongoza ni matumizi.

Basi kila neno la kigeni linapoandikwa katika daftari, kando ya kisawe chake na iandikwe pia ni nani amwambiaye nani, wakati gani, na aliyeambiwa hutarajiwa kutenda nini. Kisawe kinachomfanya msomaji wetu atende vingine, hata kikiwa sahihi katika kamusi, hakijafaa.