Kaburi Lililo Ng'ambo

Juzi nilivuka daraja la Nyali, nikalizuru kaburi la Rosine, mkewe mmisionari Ludwig Krapf. Walihamia Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo homa ilimwua Rosine, na mwanawe mchanga akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Hakupanda jahazi kurudi kwao. Aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kuwa kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyoanza. Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni twaita subira. Yeye aliegemea imani yake kwa Yesu. Alipopata nguvu aliendelea na Kiswahili. Kitabu cha Mwanzo alikifasiri kwa msaada wa Kadhi wetu wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Wala hakuna aliyemsilimisha mwenziwe!

Kaburini nilimkuta mama mmoja wa Kigiriama, mjane.

"Wamjua huyu?" nikamwuliza.

"Simjui, shehe. Tulihadithiwa kanisani. Tangu mume wangu afe, siku moyo ukinilemea huja hapa nikaomba."

"Kisha?"

"Kisha huenda sokoni. Watoto wataka kula."