Meno ya Nyayanga na Kumbukumbu za Wazee

Mwaka 2023, jarida la Science lilichapisha habari za magego mawili yaliyofukuliwa Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, ng'ambo ya Ghuba ya Winam ukitokea Kisumu. Wenye magego hayo walikuwa wa jamii ya Paranthropus, ndugu wa mbali wa binadamu walioishi hapo kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Kikosi cha mtafiti Thomas Plummer, kikishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kilipata pia vifaa vya mawe 330 na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa.

Paranthropus aliumbwa atafune. Magego yake yalikuwa mapana, taya nene, na fuvu maarufu la jamii hiyo, lile aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lina ukingo wa mfupa utosini uliokuwa ukishikilia misuli ya kutafunia. Ubongo wake lakini haukufika hata nusu ya wetu. Katika ukoo wetu sisi mambo yalikwenda kinyume: meno na taya vikapungua, ubongo ukakua.

Jiwe kali lilichangia. Mwaka 2016, Katherine Zink na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi na mizizi watafune, huku wakipima nguvu ya misuli ya taya. Wakakadiria kwamba babu zetu, kama theluthi ya mlo wao ilikuwa nyama, nao wakaikata nyama hiyo na kuponda mizizi kwa mawe, walipunguza idadi ya kutafuna kwa asilimia 17 na nguvu ya kutafuna kwa asilimia 26. Kazi hiyo ya jiwe bado inaendelea mitaani Kisumu. Mwuza miwa huparua ganda kwa panga, akakata pingili, kisha akakugawia vipande vya kutosha mdomo mmoja. Nusu ya kazi ya meno imekwisha kabla hujalipa.

Hapo mtu angedhani ubongo haulihitaji taya tena. Tafiti za wazee zinasema vingine. Nchini Uswidi, watafiti wa Taasisi ya Karolinska na wenzao waliwachunguza watu 557 wenye umri wa miaka 77 na zaidi, wakatoa matokeo mwaka 2012. Waliopata taabu kutafuna vitu vigumu, kama tufaha, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na udhaifu wa akili. Kama meno yalikuwa ya asili au ya bandia, haikuleta tofauti. Kilichohesabika ni uwezo wa kutafuna.

Kwa nini iwe hivyo? Taya linapofanya kazi, damu huongezeka katika sehemu kadhaa za ubongo, na neva za meno na misuli hupeleka habari huko bila kukoma. Panya wa maabara waliong'olewa magego, au waliolishwa unga mtupu, walijifunza njia kwa shida, na hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, ikapungukiwa na seli. Halafu kuna suala la sahani yenyewe. Asiye na magego huacha nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, huacha nyama na matunda magumu, akabaki na uji na mkate uliochovywa kwenye chai.

Fizi nazo zimeshukiwa. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kuona dalili za Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi, katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Dawa ya kuzuia sumu ya bakteria huyo ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2021 ikashindwa kufikia malengo makuu ya jaribio. Tena, anayeanza kusahau husahau pia kupiga mswaki, kwa hiyo ubovu wa meno huenda ukawa matokeo ya maradhi wala si chanzo. Tume ya jarida la Lancet, iliyoorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, ilitaja kisukari, shinikizo la damu, uziwi na upweke. Kupotea kwa meno hakumo.

Hata hivyo, inafaa kujua ni meno gani ya kulindwa. Waluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Ilikuwa alama ya kabila na ya kukua, na wazee walieleza pia kwamba pengo hilo lilimwezesha mgonjwa wa pepopunda, aliyekazika taya, kulishwa uji. Meno ya mbele hukata, magego husaga. Mzee mwenye pengo hilo na magego kamili yanayokutana juu na chini bado husaga mahindi na maharagwe, wakati kijana mwenye tabasamu zuri asiye na magego ya chini humeza vipande vizima.

Japani ilianza mwaka 1989 kampeni ya kuwahimiza wananchi wafike miaka 80 wakiwa na meno yao 20. Huku kwetu wengi humwona daktari wa meno jino likiwa tayari la kung'olewa, na pengo likiachwa wazi, jino la upande wa pili hukosa mwenzake wa kusagia naye. Gego linalouma likizibwa mapema hubaki kazini, na lililokwisha kung'olewa lina mbadala wa bandia. Kwa mzee wa nyumbani, angalia anachoacha kula: akianza kuyakwepa mahindi ya kuchoma aliyoyapenda, mpeleke akaangaliwe kinywa mwezi huo huo.