Baridi Haiui Vijidudu



Adui wa kikosi haji siku zote na bunduki. Sufuria moja ya mchuzi ulioharibika yaweza kulaza kombania nzima, na lindo likabaki bila mlinzi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika Kanda yake ya Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na wapatao 137,000 hufariki.

Wengi huamini kwamba chakula kikishaingia katika jokofu kimekwisha kusalimika. Sivyo. Baridi haiui vijidudu, bali huvipunguzia kasi ya kuzaana. Vijidudu huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi. Kwa hiyo jokofu sharti lidumu chini ya nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2. Sufuria kubwa ya wali au maharage hukawia kupoa katikati. Yafaa igawanywe katika vyombo vifupi kabla ya kuhifadhiwa.

Hata ndani ya jokofu, muda una kikomo. Nyama ya kusaga, kuku mbichi na samaki mbichi ni siku 1 hadi 2. Vipande vya nyama ya ng'ombe au mbuzi ni siku 3 hadi 5. Chakula kilichopikwa ni siku 3 hadi 4.

Katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, vijidudu huacha kuzaana, na kinachopungua ni ladha tu. Lakini barafu ikiyeyuka, navyo huamka. Nyama ya friza basi iyeyushwe ndani ya jokofu, wala si juu ya meza.

Umeme ukikatika, mpishi aandike saa ile ile na milango isifunguliwe. Jokofu lililofungwa huhifadhi baridi kwa saa 4. Friza iliyojaa, kwa saa 48. Iliyojaa nusu, kwa saa 24. Jokofu likipitisha saa hizo 4, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vitupwe.

Hapa ndipo penye mtihani. Mpishi huogopa kushitakiwa kwa ubadhirifu, naye mkubwa wake huagiza nyama ichemshwe tena. Pua si shahidi wa kutegemewa, kwa maana chakula chaweza kuwa na sumu bila kunuka. Na baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Kila chombo kiandikwe tarehe, na ofisa anayekagua bwalo aisome tarehe hiyo kabla ya kutoa amri. Mpishi anayemwaga chakula kilichopita muda wake anastahili kulindwa na wakubwa wake, kwa kuwa amekilinda kikosi.