Moteri Isipowaka: Namna ya Kupima Bobini

Ninyi wenye mashini ya kusaga mahindi katika vijiji vya kandokando ya Kolwezi na Likasi, munajua hasara ya siku moja moteri ikinyamaza. Wanawake wanarudia kinu na muchi, na unga haufiki kwa watu wa machimbo. Halafu mutu anasema: «Bobini imekufa.» Mwenye mashini anakwenda mujini, ananunua bobini mupya, anaifunga, na moteri inanyamaza vilevile. Musinunue mbele ya kupima.

Maneno haya ni ya moteri ya esanse. Ile ya mazutu haina buji wala bobini.

Bobini ni chuma kilichozungushiwa nyuzi mbili za shaba, moja nene, moja nyembamba kama unywele, yenye mizunguko maelfu. Inakaa karibu na gurudumu zito, ndiyo volani. Sumaku ya volani ikipita mbele yake, umeme unazaliwa katika uzi munene. Ukikatwa kwa gafula, uzi mwembamba unatoa umeme wa volti 10 000 na zaidi. Huo ndio unaoruka katika buji na kuwasha esanse.

Anzeni na buji. Tafuteni ingine munayojua ni nzima. Ile ya zamani ibaki katika tundu lake, ili muvuke wa esanse usitoke na kushika moto. Peleka kopo ya esanse mbali. Tia buji ya kupimia katika kofia ya waya, ulaze chuma chake juu ya chuma kisafi cha moteri, uishike kwa pinsi yenye mpira mukavu, si kwa vidole. Mwenzako avute kamba, ninyi mutazame kivulini. Cheche ya bluu yenye mulio ni dalili ya bobini nzima: mutafute ugonjwa katika esanse na karabirateri.

Cheche isipoonekana, musihukumu bado. Tazameni kwanza mafuta mazito ya moteri, maana moteri zingine zinakata cheche zenyewe yakipunguka. Halafu tazameni waya mudogo unaotoka katika bobini kwenda kifungo cha kuzimisha. Kazi yake ni kuua cheche: ukigusa chuma cha moteri, moteri inazimika. Panya akiutafuna, ao ukisuguliwa mpaka shaba kuonekana, moteri haiwaki kabisa, na bobini inasingiziwa bure. Ondoeni waya huo, mupime tena. Cheche ikirudi, tengenezeni waya na kuurudisha. Musiuache nje! Siku mukanda ukikamata nguo ya mutu, mutazimisha namna gani?

Kutu nayo inazuia nguvu ya sumaku, zaidi wakati wa mvua. Sugueni sumaku na miguu ya bobini. Legezeni visi mbili, mutie katikati karatasi ngumu kama ya kartipostale, karibu milimetre 0,3, sumaku ivute bobini, mukaze visi, mutoe karatasi. Zungusheni volani kwa mukono: isiguse. Moteri za zamani sana zina platini chini ya volani. Nazo zisafishwe mbele ya kulaumu bobini.

Kuna bobini inayofanya kazi asubuhi na kufa ikipata moto. Mupime palepale moteri inapozimika, musingoje ipoe. Cheche imekwisha, na ikipoa inarudi? Hapo bobini ni mugonjwa kweli, na haitengenezwi. Lakini cheche ikiwapo, fungueni kifuniko cha esanse: tundu lake dogo likizibwa, esanse haishuki, na moteri inazimika namna ileile.

Mwenye kipimo cha umeme apime kutoka waya wa buji mpaka chuma cha bobini. Kwa kawaida ataona ohm maelfu machache. Kipimo kisiposogea, uzi umekatika ndani, ao kofia ya buji imeharibika, basi aiondoe na kupima tena. Namba nzuri peke yake haitoshi, kwani bobini za sasa zina vitu vidogo ndani ambavyo kipimo hicho hakivioni.

Mukikwenda kununua, bebeni bobini ya zamani, muzilinganishe matundu ya visi na urefu wa miguu mbele ya kutoa faranga.