Pembe ya Ng'ombe na Mpini wa Wembe wa Zamani

Ng'ombe anayechinjwa katika vichinjio vya Dagoretti hutoka mle akiwa ameshagawanywa. Nyama huenda buchani, ngozi huenda kwa wanunuzi wa ngozi, kichwa na miguu kwa wapika supu. Pembe ndizo hukosa mwenyewe kwa urahisi, ijapokuwa kwa baadhi ya mafundi wa Kibera ni mali. Mafundi hao huchonga mifupa na pembe kuwa bangili, herini na vijiko, na kazi za namna hiyo huonekana katikati ya jiji kwenye Maasai Market na vibanda vya vinyago vya City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu.

Ustadi huohuo unaweza kuufufua wembe wa kukunja, ule wa kunyolea ndevu ambao wazee waliunoa kwenye mkanda wa ngozi. Chuma chake, kiwe kimefuliwa Sheffield nchini Uingereza au Solingen nchini Ujerumani, hudumu zaidi ya miaka 100 kikitunzwa pakavu. Mpini ndio hutangulia kuharibika. Mingi ya zamani ni ya seluloidi, plastiki ya awali ambayo ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokitia chuma kutu. Mwenye wembe huona madoa akalaumu maji, kumbe adui ni mpini wenyewe.

Kabla ya kuugusa mpini wa zamani, mwenye wembe ahakikishe umetengenezwa kwa kitu gani. Kiswahili huita "pembe" vitu viwili tofauti: pembe ya ng'ombe, na pembe ya ndovu ambayo kwa kweli ni jino. Baadhi ya nyembe za zamani zilitiwa mipini ya ndovu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kumiliki au kuuza nyara bila kibali kuwa kosa, na wembe wa urithi haujaachwa nje. Pembe za ndovu huwa na mistari myembamba inayokatizana kama wavu pale zilipokatwa kwa upana. Mwenye shaka asiuze wala asitengeneze chochote. Aulize kwanza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lenye makao makuu Barabara ya Lang'ata.

Tukirudi kwa ng'ombe, pembe yake si mfupa. Ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, iliyovikwa juu ya kiini cha mfupa kama kofia. Fundi huiloweka majini kwa wiki kadhaa au huichemsha, kisha huigonga hadi kiini kitoke. Ncha ni nzito na imejaa; upande wa shina ni mtupu. Kibao cha mpini hukatwa kwa urefu kwenye ubavu, na hapo ndipo tatizo hujitokeza, kwa kuwa mpini huhitaji takriban sentimita 15 na ng'ombe wengi wa zebu wana pembe fupi. Ndiyo maana pembe ndefu za Ankole, ng'ombe wa Uganda na nchi jirani, hupendwa sana kwa kazi hii.

Kibao kilichopinda hupashwa moto katika maji yanayochemka au mafuta hadi kilegee, kisha hubanwa kati ya mbao mbili kwa jiliwa mpaka kipoe kabisa. Mwenye haraka huharibu hapa. Pembe hukumbuka umbo lake, na isipopumzishwa siku nyingi pakavu hujikunja tena baada ya mpini kukamilika. Ikishatulia, vibao viwili hupunguzwa hadi unene wa karibu milimita 3, hufungwa pamoja na kutobolewa kwa keekee kwa wakati mmoja ili matundu yalingane. Mkiani huwekwa kabari ndogo ya pembe au mfupa. Kabari hiyo huachanisha vibao kiasi cha kuuingiza wembe bila makali kugusa upande wowote. Ikikosewa, makali huharibika kila wembe unapofungwa, au hutokeza nje na kumkata mtu vidole. Pini za shaba hupitishwa matunduni na kugongwa polepole kwa nyundo ndogo hadi zitanuke vichwa. Mwisho ni tupa, msasa mkwaruzo hadi ule laini kabisa, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia.

Msasa huo hutoa vumbi jepesi lenye harufu ya nywele zilizoungua, na likiingia kifuani kila siku hudhuru mapafu. Kusugua pembe ikiwa imelowa hupunguza vumbi, na barakoa inayobana vizuri ni ya lazima; leso iliyofungwa puani haitoshi. Chanzo cha pembe nacho kina uzito. Inunuliwe kutoka kichinjio ambako mkaguzi wa nyama amempitisha mnyama. Pembe ya ng'ombe aliyekufa ghafla haifai hata ikitolewa bure, kwa sababu huenda aliuawa na kimeta, na mbegu za ugonjwa huo hustahimili maji ya moto ya muda mfupi. Mzoga wa aina hiyo usiguswe wala kupasuliwa. Taarifa ipelekwe kwa daktari wa mifugo au ofisi ya afya ya umma iliyo karibu.

Mpini wa pembe haupikwi kwa mvuke wala kuchemshwa, kwa kuwa hupinda na kupasuka. Kwa hiyo wembe wake hauwezi kutakaswa ipasavyo kati ya mteja mmoja na mwingine, na homa ya ini na virusi vya UKIMWI huweza kupita kwenye damu kidogo sana. Vinyozi watumie kishikio cha chuma chenye wembe mpya kwa kila mteja. Wa mpini wa pembe ubaki nyumbani, wa mtu mmoja. Baada ya kunyoa ufutwe ukauke, upakwe mafuta mepesi mara kwa mara, na ukaguliwe kila mwezi, maana wapo wadudu wanaotafuna pembe droo ikiwa imefungwa.