Mbono, Mbarika na Mafundi Wanaokosekana

Kwa vizazi vingi mbono kaburi umekuwa mti wa ua. Mbuzi hawaugusi, ukame hauutishi, na mwenye boma akishauchomeka ardhini husahau habari zake. Katikati ya miaka ya 2000, bei ya petroli ilipopanda duniani, ghafla ukasifiwa kuwa zao la dizeli. Kampuni zikamiminika Tanzania. Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 katika ardhi ya vijiji 11 vya Kisarawe, nayo Bioshape ya Uholanzi ikaingia Kilwa. Kufikia mwaka 2011 zote mbili zilikuwa zimeanguka, na vibarua waliozitegemea wakarudi majumbani.

Lawama nyingi zilitupiwa mmea. Haukustahili zote. Mbono ulikuwa bado mmea wa porini: hapakuwa na mbegu bora iliyothibitishwa, miche ya mbegu za mfuko mmoja ilizaa kwa viwango tofauti kabisa, na maua ya kike ni machache mno kando ya yale ya kiume. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, hivyo mchumaji hulazimika kuurudia mti uleule mara kadhaa katika msimu mmoja. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Kenya, ukishirikisha kituo cha kimataifa cha kilimo mseto na taasisi ya utafiti wa misitu ya nchi hiyo, uliwakuta wakulima wakivuna kidogo sana. Ushauri uliotolewa ulikuwa kwamba mkulima mdogo aupande kama ua tu. Ushauri huo ungetangulia mashamba makubwa, watu wengi wasingepoteza ardhi na muda wao.

Basi kazi ya kwanza katika mazao ya nishati ni ya mtafiti wa mbegu, na haiharakishwi. Huchagua mimea mizazi, huichavusha, hupanda majaribio katika kanda zenye mvua na udongo tofauti, kisha husubiri misimu mingi kabla ya kusema neno. Nyuma yake huja mtu wa vitalu, anayejua mche upi ni dhaifu kabla haujafika shambani. Fedha nyingi za wawekezaji zilikwenda kufyeka msitu na kununua matrekta. Watu hawa wawili wakabaki wachache, na wachache ndio waliopo mpaka leo.

Sasa zamu ni ya mbarika, ambao wengi huuita mnyonyo. Mwaka 2021 kampuni ya Eni ya Italia iliingia makubaliano na serikali ya Kenya. Julai 2022 kiwanda cha kukamua mbegu kilianza kazi Makueni, na Oktoba mwaka huohuo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ilipelekwa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Gela, Sicily. Safari hii wanaolima ni wakulima wadogo katika vishamba vyao, na jambo hilo hubadilisha kabisa ujuzi unaohitajika. Shamba kubwa moja huweza kusimamiwa na wataalamu wachache. Vishamba maelfu vinahitaji mabwana shamba na mabibi shamba wanaopanda pikipiki kila siku.

Na wawe wanaujua mmea huo hasa. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya mbarika ni mafuta, lakini mbegu hiyo ina sumu kali ya risini. Mtoto akitafuna chache tu anaweza kufa. Mashudu yake hayapewi ng'ombe bila kuondolewa sumu. Katika aina nyingi matunda yakikauka hupasuka na kurusha mbegu, kwa hiyo anayechelewa kuvuna huvunia ardhi, na unyevu ukizidi ukungu wa kijivu huozesha mikungu. Ushauri wa kupanda mbarika bila maelezo hayo ni hatari kwa familia nzima.

Kisha kuna mizani. Mbegu iliyohifadhiwa na unyevu huongezeka asidi, na mafuta yake hushuka thamani. Anayepokea magunia lazima ajue kupima unyevu kwa kifaa na kumweleza mkulima, mbele ya macho yake, kwa nini bei imepungua. Mkulima akishahisi kwamba anapunjwa, msimu unaofuata hupanda mahindi.

Somo la Kisarawe liligusa pia sheria. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kwa ajili ya mwekezaji hugeuka ardhi ya jumla, na mradi ukifa hairudi kijijini yenyewe. Halmashauri ya kijiji inahitaji mtu wa kuusoma mkataba kwa niaba yake kabla mkutano haujapiga kura.

Brazil, katika zao la nishati la miwa, inaonyesha upande mwingine wa suala la ujuzi. Viwanda vya São Paulo vilipokubali mwaka 2007 kuharakisha mwisho wa kuchoma mashamba kabla ya kuvuna kwa mkono, uvunaji ulihamia kwenye mashine, na mashine moja ilichukua kazi ya wakataji themanini au zaidi. Umoja wa wazalishaji ulianzisha mafunzo ya udereva wa mashine, umeme na ufundi mitambo kwa wakataji hao. Hayakuwafikia wote, lakini yalipangwa kama sehemu ya mabadiliko yenyewe.

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Singida na Dodoma zimejaa mafundi wa mashine za kukamua alizeti, wanaojua kwa kusikiliza tu kwamba skrubu imelika au mbegu zimeingia na mchanga. Fundi kama huyo akipewa mafunzo mafupi anaweza kuhudumia mashine ya mbarika. Kitu kimoja asichoweza kukibahatisha ni usalama: mashine iliyokamua mbarika isirudishwe kamwe kwenye mafuta ya kula, vumbi la mashudu lisivutwe puani, na magunia yaliyobeba mbegu yasitumike tena kwa unga. Kila mtu katika kiwanda anapaswa kulijua hilo kuanzia siku ya kwanza, na mpakiaji wa magunia zaidi ya wote.