Mabadilishano Mawili ya Cincinnati

Katika miji ya kaskazini ya Marekani mchezo wa besiboli huanza baridi inapopungua na kumalizika mwezi wa Oktoba au mapema Novemba. Theluji ikisha kuanguka, viwanja hufungwa, lakini midomo haifungwi. Zamani wanaume walikuwa wakikusanyika dukani au kwa kinyozi, wakazunguka jiko la makaa huku wakibishana juu ya wachezaji mpaka msimu mwingine ufike. Mabishano hayo yakapewa jina la Ligi ya Jiko, na jina hilo limebaki hadi leo ingawa majiko yenyewe yametoweka.

Kinachokoleza mabishano ya baraza hilo ni mabadilishano ya wachezaji. Timu moja humtoa mchezaji wake kwa timu nyingine na kupokea wengine badala yake. Katika miaka ya 1960 mchezaji hakuulizwa. Mkataba ulimfunga kwa timu yake mwaka baada ya mwaka, na timu ikitaka kumpeleka mji mwingine alipigiwa simu tu akaambiwa afungashe. Askari aliyewahi kupokea amri ya uhamisho, na mke aliyewahi kufunga vyombo kwa usiku mmoja, wataelewa jambo hilo bila ya maelezo marefu.

Mji wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ulifanya mabadilishano mawili ya namna hiyo katika muda wa miaka 6 tu. Ya kwanza huhesabiwa miongoni mwa makosa makubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Ya pili yalilaaniwa siku yalipotangazwa, na baadaye yakasifiwa kupita kiasi. Waliolalamika mara zote mbili walikuwa watu wale wale, wapenzi wa timu ya Reds, na mara zote mbili walilalamika kwa sababu ile ile. Mara moja walikuwa na haki. Mara ya pili hawakuwa nayo.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huo, yatosha kusema hivi. Mrushaji hutupa mpira, na mpigaji mwenye gongo hujaribu kuupiga. Akiupiga vyema hukimbia kituo kwa kituo, vinne kwa jumla, kila kimoja kikiwa umbali wa mita 27 na zaidi kutoka kwa mwenzake. Akiukamilisha mzunguko, timu yake hupata alama moja. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote bila ya kusumbuliwa na mtu, na pigo hilo huitwa homurani. Mchezo huo si mgeni kabisa Afrika Mashariki: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya vijana huko Williamsport, Pennsylvania.

Sasa turudi Cincinnati, tarehe 9 Desemba 1965. Siku hiyo Reds walimtoa Frank Robinson kwa timu ya Orioles ya Baltimore. Robinson alikuwa ameichezea Reds misimu 10 na kuipatia homurani 324. Mwaka 1961 aliiongoza kutwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Hata katika msimu ule uliokuwa umekwisha alipiga homurani 33. Badala yake Reds walipokea wachezaji watatu: mrushaji Milt Pappas, mrushaji wa akiba Jack Baldschun, na kijana Dick Simpson.

Mwenye timu, Bill DeWitt, ambaye pia ndiye aliyeisimamia, alieleza sababu zake. Alisema kuwa Robinson amefika miaka 30, na si 30 ya ujana. Maneno hayo yalimfuata DeWitt mpaka kaburini, wala hayakumtoka Robinson moyoni.

Lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1965 Reds walipata alama nyingi kuliko timu nyingine zote za ligi yao, na bado wakamaliza wa nne. Kilichopungua hakikuwa wapigaji, bali warushaji wa kuwazuia wapinzani. Pappas alikuwa na umri wa miaka 26 na tayari alikuwa ameishindia Baltimore michezo 110. Mtu mwenye kuku wengi na asiye na chumvi hutoa kuku mmoja apate chumvi. Kosa la DeWitt halikuwa kutafuta mrushaji. Kosa lake lilikuwa kumkadiria mtu kwa kalenda badala ya kumtazama akicheza.

Katika habari hizi za alama na tarakimu, upande wa nyumbani husahauliwa. Robinson alikuwa mtu mweusi, na Baltimore ya mwaka 1966 ilikuwa bado na mitaa ambayo watu weusi hawakupangishwa nyumba. Mkewe, Barbara, alipokwenda kutafuta mahali pa kukaa, alipata milango ikifungwa mara tu wenye nyumba walipotambua rangi yake. Katika timu hiyo kulikuwako mchezaji mwingine mashuhuri, mzungu, mwenye jina hilo hilo la Robinson, hata simuni bibi huyo aliweza kupokewa kwa bashasha iliyokwisha akifika mlangoni. Ilibidi mwenye timu ya Baltimore aingilie kati ndipo wapate nyumba.

Hayo hayakumzuia mumewe. Msimu wa 1966 Robinson aliongoza Ligi ya Marekani katika mambo matatu kwa pamoja: wastani wa kupiga, ambao ulikuwa 316 kwa kila majaribio 1,000, homurani, ambazo zilikuwa 49, na alama alizosababisha, ambazo zilikuwa 122. Ni wachache sana waliopata kuyafanya yote matatu katika msimu mmoja. Tarehe 8 Mei aliupiga mpira ukatoka nje kabisa ya uwanja wa Baltimore, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya katika uwanja huo, na mahali ulipopitia pakasimikwa bendera yenye neno moja tu: HAPA. Bendera hiyo ilipepea mpaka timu ilipohama uwanja huo mwaka 1991. Mwezi wa Oktoba Baltimore iliishinda Dodgers ya Los Angeles michezo 4 kwa 0 katika fainali kuu, na mchezo wa mwisho uliamuliwa kwa alama 1 kwa 0 kutokana na homurani ya Robinson. Alichaguliwa tena kuwa mchezaji bora, akawa mtu wa kwanza kuipata heshima hiyo katika ligi zote mbili.

Na Cincinnati? Ilimaliza ya saba. Pappas alishinda michezo 12 na kushindwa 11. Si vibaya, lakini kila aliposimama uwanjani watu walimwona Robinson asiyekuwapo. Alizomewa kwa mapatano ambayo yeye mwenyewe hakuyafanya. Kwa hakika naye alikuwa amehamishwa bila ya kuulizwa kama mwenzake, na ni haki kumhurumia. Baldschun na Simpson hawakuacha jambo la kukumbukwa. DeWitt aliiuza timu baada ya msimu huo.

Mwaka 1970 jeraha likatoneshwa. Reds, ambao sasa walikuwa na wachezaji wengi wapya, walifika fainali kuu, nao wakawakuta Baltimore wakiwangoja. Robinson, ambaye miaka 5 kabla alisemwa kuwa amekwisha zeeka, aliwapiga homurani mbili, na Baltimore ikashinda michezo 4 kwa 1. Ule mmoja ambao Cincinnati iliupata uliokolewa na Lee May, mlinzi wa kituo cha kwanza, mtu wa kifua kipana na mikono mizito. Timu yake ikiwa nyuma, alipiga homurani ya alama tatu na kuugeuza mchezo. Kwa wapenzi wa Reds, May alikuwa ndiye aliyewafuta machozi mbele ya Robinson.

Basi fikiria hasira yao tarehe 29 Novemba 1971, walipoambiwa kuwa May naye ametolewa. Msimu huo alikuwa amepiga homurani 39. Pamoja naye walikwenda Houston mlinzi hodari wa kituo cha pili, Tommy Helms, na mchezaji wa akiba, Jimmy Stewart. Waliokuja badala yao walikuwa watano: Joe Morgan, Denis Menke, mrushaji Jack Billingham, na vijana wawili, César Gerónimo na Ed Armbrister. Morgan alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 7, na mwaka huo alipiga homurani 13 tu, kwa wastani wa 256. Isitoshe, ilinong'onwa kutoka Houston kuwa ni mtu mgumu kuongozwa. Mwandishi mmoja wa gazeti la Cincinnati alifananisha jambo hilo na Marekani kumtoa Jenerali Eisenhower kwa Wajerumani katikati ya vita.

Meneja mkuu, Bob Howsam, alikuwa na mawazo mengine. Mwaka 1970 Reds walikuwa wamehamia uwanja mpya uliotandikwa zulia la nyasi bandia. Juu ya zulia mpira hukimbia upesi kuliko juu ya majani. Walinzi wazito huachwa nyuma, na mkimbiaji mwepesi hupata faida pande zote mbili, akishambulia na akilinda. Howsam alikuwa na wapigaji wazito wa kutosha. Wepesi ndio waliopungua. Aidha, kumtoa May kulimwezesha kumsogeza Tony Perez kutoka kituo cha tatu, ambako hakutulia, hadi kituo cha kwanza, mahali palipomfaa. Badiliko moja likanyosha mambo mawili.

Kuhusu Morgan, Howsam alihesabu vitu ambavyo watu wa jikoni hawakuvihesabu. Mrushaji akitupa mipira minne mibaya, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Morgan alikuwa na jicho la kuiacha mipira mibaya ipite, jambo lisilopigiwa makofi na mtu yeyote. Na akisha kufika kituo cha kwanza aliweza kukiiba cha pili kabla mrushaji hajageuka. Mwanamume anayepata kituo kwa subira na kingine kwa mbio ni sawa na aliyepiga pigo kubwa, ila hakuna kelele. Kocha, Sparky Anderson, alihakikisha kabati la Morgan linawekwa jirani na la Pete Rose, mchezaji aliyejulikana kwa bidii kuliko wote, na minong'ono ya Houston haikusikika tena.

Mwaka 1972 Morgan alipewa kituo bure mara 115, akaiba vituo 58, na kufunga alama 122, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa ligi hiyo. Reds, walioshinda michezo 79 mwaka uliotangulia, walishinda 95 na kufika fainali kuu. Mwaka 1975 na 1976 waliutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, na katika miaka yote hiyo miwili Morgan ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi. Katika mchezo wa saba wa fainali ya 1975 dhidi ya Boston, timu zikiwa 3 kwa 3 katika zamu ya mwisho, ni yeye aliyepiga mpira ulioleta alama ya ushindi. Billingham alikuwa ameshinda michezo 19 mwaka 1973 na 19 tena mwaka 1974. Gerónimo, aliyechukuliwa kama kijazio cha gunia, alitunukiwa zawadi ya ulinzi bora miaka 4 mfululizo.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa Houston walipewa gunia tupu. Katika misimu mitatu May aliwapigia homurani 81, na mwaka 1972 timu yao, iliyoundwa mwaka 1962, kwa mara ya kwanza ilishinda michezo mingi kuliko iliyoshindwa. Wapenzi wa Houston walifurahi, nao walikuwa na sababu. Walipata walichokitaka, Cincinnati ilipata ilichokihitaji.

Ligi ya Jiko haikosi mtetezi wa kila jambo, na hata mabadilishano ya 1965 yana watetezi wake. Wao hukumbusha kuwa mwaka 1968 Pappas alitolewa kwa Atlanta, na miongoni mwa waliokuja kwa njia hiyo alikuwamo Clay Carroll. Huyo ni mrushaji wa akiba aliyeokoa michezo 37 mwaka 1972, na ndiye aliyeandikiwa ushindi wa ule mchezo wa saba wa 1975. Kwa hiyo, husema, bila ya kumtoa Robinson pasingekuwako Carroll. Hoja hiyo ni tamu kwa kahawa, lakini haishibishi. DeWitt hakumjua Carroll alipotia saini, na kati ya saini yake na ubingwa ule ilipita miaka 10, wakati Baltimore ilikwisha kula matunda ya Robinson mara mbili, mwaka 1966 na 1970.

Robinson alirudishiwa heshima yake Cincinnati: nambari yake 20 haivaliwi tena na mchezaji yeyote wa Reds, na sanamu yake imesimamishwa nje ya uwanja wao wa sasa. Alifariki mwaka 2019. Morgan, ambaye kama Robinson alizaliwa Texas na kulelewa Oakland, California, alifariki mwaka 2020, naye ana sanamu hapo hapo.

Amri ile ya kufungasha bila ya kuulizwa iliendelea mpaka Desemba 1975, msuluhishi alipoamua kuwa mkataba hauwezi kumfunga mchezaji milele. Ndipo msimu wa 1979 ulipokwisha Morgan, mkataba wake ukiwa umemalizika, akatazama huku na huku na kuchagua mwenyewe mahali pa kwenda. Alichagua Houston. Mwaka 1980 Houston ilitwaa ubingwa wa kanda yake kwa mara ya kwanza, na Cincinnati ikamaliza ya tatu.